Alifuata Kanga Isiyo Yangu

Desemba 2024 niliwapeleka watoto wangu watatu Dar es Salaam, kwa wifi yangu wa Kimara. Mkubwa, msichana, alikuwa na miaka minane. Wa kati, mvulana, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza minne. Wa mwisho alikuwa na mwaka na nusu na bado ananyonya. Mume wangu alibaki Dodoma kazini. Majirani wote waliniuliza swali moja, "Utawaweza peke yako?" Nikawa nawajibu kwamba treni ya siku hizi imefupisha safari, kwa hiyo kazi kubwa imekwisha. Kuhusu treni nilisema kweli. Kuhusu mji nilikosea, na ndiyo sababu naandika.

Treni yenyewe sina la kulalamikia. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, na sisi tuliozoea kuamka usiku wa manane kuwahi basi, halafu mchana wote kukaa na mtoto mapajani, tunajua thamani yake. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipiwa nusu, wa chini ya hapo anapakatwa bure. Wote wanne tulikwenda kwa 62,000. Tiketi nilikata mapema, maana wiki ya Krismasi viti huisha. Wanangu walikaa dirishani tangu Dodoma, na treni ilipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa, yule wa kati akawa anapiga makofi kila tunapotoka gizani. Refu kuliko yote linapita kilomita moja. Aliyahesabu yote manne, na hesabu hiyo aliisimulia wiki nzima.

Kilichonishinda mwanzoni ni joto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Hata Desemba, usiku unatafuta shuka. Dar hewa ni nzito, jasho linatoka na halikauki. Siku ya pili mdogo aliamka shingo yote imejaa harara, makwapani mpaka kifuani, analia na kujikuna. Nilikuwa nimemvalisha fulana, juu yake gauni, na soksi, kama ninavyomvalisha nyumbani. Wifi alimtazama akaniambia, "Wifi, mvue huyu. Huku mtoto analala na nepi tu." Tukawa tunamwogesha maji ya kawaida mara tatu kwa siku, tunamfuta taratibu bila kumsugua, poda tukaiacha, na nguo zikabaki za pamba, moja tu mwilini. Siku ya nne zilikuwa zimefifia. Chandarua nilikuwa nimebeba changu, nashukuru, kwa kuwa wageni wakiwa wanne katika nyumba ya vyumba viwili, vyandarua vya mwenyeji havitoshi, na mbu wa Dar wakati wa mvua za vuli hawana subira.

Niseme neno kuhusu kufikia kwa ndugu. Watoto watatu ni mzigo kwa mwenyeji hata akikupenda vipi. Nilibeba mafuta ya alizeti lita tano, karanga na mlenda mkavu, na tangu siku ya kwanza nikashika jiko la asubuhi. Uji wa watoto niliupika mwenyewe alfajiri nikautia kwenye chupa ya chai. Uji huo ulituokoa mara nyingi, maana mtoto mwenye njaa katikati ya foleni ya Morogoro Road huwezi kumbembeleza kwa maneno.

Sasa nije kwenye Kariakoo.

Nilikwenda siku ya tatu, siku mbili kabla ya Krismasi. Nilitaka nguo za sikukuu na viatu vya shule vya mkubwa, na nilitaka pia waione Kariakoo, kwa sababu mimi nikiwa mtoto nilisimuliwa habari zake na sikupelekwa. Wifi alinishauri niwaache nyumbani. Nikasema nitakwenda nao, tutakaa saa moja tu. Ushauri wa mtu anayeishi kwenye mji nilipaswa kuupokea kama ninavyopokea wa daktari.

Tulipanda mwendokasi Kimara saa tatu na nusu asubuhi, tukashuka Gerezani. Mdogo nilikuwa nimembeba mgongoni. Doti ya kanga niliyokuwa nayo ilikuwa nyekundu yenye korosho kubwa. Kipande kimoja nilimfungia mtoto mbeleko, cha pili nilijifunga kiunoni. Ndani ya basi nikajifunza la kwanza. Katika msongamano ule mtoto wa mgongoni humwoni. Watu walimgandamiza, akalia, nami sikuweza hata kugeuka nijue kinachombana ni mkono wa mtu au begi. Mama mmoja aliyekaa alinyoosha mikono akasema, "Niletee hapa, mwanangu," akampakata mpaka mwisho wa safari. Tangu siku ile penye watu wengi namfunga kifuani, nimwone uso.

Wa kati nilimwambia, "Shika kanga ya mama. Usiiachie." Akashika pindo la kanga ya kiunoni. Mkubwa akashika mkono wangu wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na mkoba. Hivyo ndivyo tulivyoingia Mtaa wa Kongo.

Asiyeijua Kariakoo ya wiki ya Krismasi nimweleze. Meza za wamachinga ziko pande zote mbili na katikati pia, nguo zimetundikwa juu mpaka mwanga wa jua unapungua, na kila meza ina spika inayorudia bei ileile kwa sauti iliyorekodiwa. Wabeba mizigo wanapita na marobota kichwani wakiita, "Mzigo! Mzigo!" Mikokoteni na maguta yanapenya. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa kweli mpaka leo anayepewa njia kwanza pale ni mzigo. Mtu mzima anasogea pembeni. Mtoto wa miaka minne haoni unakotokea.

Tulisimama kwenye meza ya viatu. Nikainama kumjaribishia mkubwa kiatu, nikabonyeza kidole gumba kuona kama kimebana. Nilipoinuka, pindo la kanga lilikuwa halina mtu.

Nilimwita jina lake. Spika zilimeza sauti yangu kabla haijafika mita mbili. Nilimwambia mkubwa ashike meza, nikakimbia hatua kumi mbele, nikarudi, hatua kumi nyuma, nikarudi. Muuza viatu akawa anauliza, "Amevaa nini? Dada, amevaa nini?" na mimi sikumbuki. Nilikuwa nimemvalisha mwenyewe saa mbili zilizopita na sikumbuki rangi ya fulana yake. Mkubwa ndiye aliyesema, "Ya njano, mama. Na kaptura ya bluu."

Halafu nikapiga magoti chini, katikati ya njia, nichungulie kati ya miguu ya watu. Hapo ndipo nilipoiona Kariakoo ambayo mwanangu alikuwa akiiona asubuhi nzima. Hakuna nguo nzuri kule chini, hakuna meza wala nyuso. Kuna magoti, mifuko ya plastiki inayogonga usoni, ncha za vyuma vya mikokoteni, maji machafu ya mfereji, na kanga. Pindo baada ya pindo la kanga, nyingi nyekundu. Kwa kimo chake, asubuhi ile mama yake hakuwa na uso. Mama yake alikuwa ni kitambaa chekundu chenye korosho.

Tulitafuta kwa muda ambao baadaye nilihesabu kwenye simu kuwa ni kama dakika ishirini. Mama mmoja muuza maji alinishika mkono akaniambia nisiondoke mahali mtoto aliponiacha, kwa sababu yeye atapelekwa au atarudi hapohapo, na nikihama tutakuwa tumepotea wawili. Yeye akampigia mwenziwe aliyekuwa mbele zaidi. Muuza viatu akamtuma kijana wake upande wa Msimbazi. Mtu mwingine alisema nitoe taarifa msikitini, watangaze kwa kipaza sauti, jambo ambalo mitaa mingi ya Dar hufanya mtoto akipotea. Nilikuwa nimeanza kuuliza njia.

Mkubwa ndiye aliyesikia. Aliivuta kanga yangu akasema, "Mama, wananitaja mimi."

Ilikuwa spika ya meza ya nguo za watoto, mbali kidogo. Bei iliyorekodiwa ilikuwa imezimwa na sauti ya kijana ilikuwa inamwita mama, kisha jina la binti yangu. Kwetu mimi naitwa kwa jina la mzaliwa wangu wa kwanza, kama wanawake wengi wenye watoto. Jirani, dukani, kanisani, hata baba yao, wote wananiita hivyo. Mwanangu alipoulizwa mama yake anaitwa nani, alitaja jina la dada yake akaliwekea Mama mbele. Meza ya pili nayo ikazima spika yake ikalipokeza jina, na ya tatu, mpaka likatufikia.

Tulimkuta amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, ana biskuti mkononi. Kando yake alisimama mama wa makamo amejifunga kanga nyekundu yenye korosho. Maandishi yalikuwa tofauti na ya kwangu, lakini mtoto wa miaka minne hasomi. Nilipoinama kwenye viatu, umati ulimsukuma, pindo likamponyoka, akalitafuta, akalishika lingine. Alitembea na yule mama mtaa mzima. Mama wa watu alihisi kuvutwa, akadhani kanga imenasa kwenye meza. Alipotazama chini, mtoto naye ndipo alipotazama juu, na uso haukuwa wa mama.

Nilisema shikamoo, nikaitikiwa marahaba, kisha nikainua mkono. Naliandika hili kwa sababu najua si mimi peke yangu. Hofu ilipoachia, kilichokuja nyuma yake ni hasira, na mkono ulikuwa umeshapanda kumchapa. Yule kijana wa meza akauzuia kwa maneno tu. Alisema, "Dada, usimchape. Wewe ulimwambia ashike kanga, na kanga alishika."

Nikamkumbatia. Sikuweza kusema neno mpaka yule mama aliponikalisha kwenye kiti akaninywesha maji. Kijana nilitaka kumpa chochote, akakataa, akaniomba ninunue tu kaptura moja kwake. Nilinunua tatu.

Jioni yake Kimara nilikaa na wifi tukaongea mpaka saa sita usiku. Hakunilaumu, naye alikuwa na haki ya kunilaumu. Alinieleza kwamba mtoto akiokotwa, watu wa serikali ya mtaa au polisi humwuliza mambo matatu: jina lako, mzazi wako anaitwa nani, unaishi wapi. Wangu angejibu jina lake bila ubini, "Mama" wa dada yake, na "kwa shangazi". Katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, majibu hayo hayamfikishi kwa mtu. Siku ile yalinifikia kwa kuwa dada yake alikuwa karibu akasikia jina lake mwenyewe. Tungekuwa mitaa miwili mbali, hata jina hilo lisingefaa.

Kesho yake hatukutoka. Usiku mtoto alikuwa amekojoa kitandani, jambo aliloliacha mwaka mzima, na asubuhi alinifuata mpaka mlangoni mwa choo. Siku hiyo tulikaa barazani, tukafanya kazi moja. Nilimfundisha jina langu kamili, langu la ubatizo na la baba yangu. Alicheka sana, kwake lilikuwa jina la mtu asiyemjua. Namba ya simu tukaiimba, tarakimu mbilimbili, huku tukipiga makofi. Mkubwa akawa anajifanya askari, anamwuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Kufikia jioni alikuwa anajibu bila kusita. Namba niliiandika pia kwenye karatasi nikaishonea ndani ya mfuko wa kaptura. Jina lake sikuliandika mahali panapoonekana, kwa sababu mtu mbaya akilisoma atamwita kwa jina, na mtoto humfuata anayemjua jina. Tena kila asubuhi kabla ya kutoka nilimpiga picha kwa simu, nguo na viatu, ili nikiulizwa amevaa nini nisikwame tena.

Na kanga nikaiacha nyumbani. Siku zote zilizobaki nilivaa gauni la kijani lisilofanana na la mtu, na mkono wake niliushika mimi. Hilo ndilo kosa langu kubwa la siku ile. Nilimpa mtoto wa miaka minne kazi ya kunishika, na kazi hiyo ilikuwa yangu.

Siku ya Krismasi, watoto wa jirani walikwenda disko toto, na wangu walilia kutaka kwenda nao. Nilikataa, na sikubadilika. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2008 tunakumbuka siku ya Idi kule Tabora, watoto walivyojazwa ukumbini kwenye disko toto wakakosa hewa na kufa. Watoto wadogo katika chumba kilichofungwa, mtu wa mlangoni akihesabu fedha tu, mimi sitawapeleka wanangu. Tulikula pilau, tukacheza nje.

Baada ya hapo tulitoka kwa namna nyingine. Mahali pamoja kwa siku moja. Tuliondoka saa nne, wanaokwenda kazini wakiwa wameshapita, na saa nane tulikuwa tumerudi, kabla msongamano wa jioni haujaanza. Nilibeba sarafu za choo cha kulipia, kwa sababu mlinzi wa choo hana chenji na mtoto hana subira. Kila tulipofika mahali, jambo la kwanza lilikuwa kuonyeshana pa kukutania tukipotezana: chini ya mti ule, kwenye geti hili. Mwanangu ndiye aliyekuwa anachagua.

Kijiji cha Makumbusho, kule Barabara ya Bagamoyo, ndipo walipofurahi kuliko nilivyotarajia. Ni uwanja wa nyumba za asili za makabila mbalimbali, una nafasi ya kukimbia na watu si wengi. Walizunguka msonge wa Wahaya, kisha wakafika kwenye tembe ya Wagogo, na yule wa kati akasimama mlangoni akasema, "Nyumba ya bibi!" Bibi yake mzaa baba, kule Bahi, alilelewa kwenye tembe, na ukuta wake mmoja bado upo uani. Nimewasafirisha mpaka baharini, na walichokaa nacho muda mrefu ni paa la udongo la nyumbani kwao.

Siku ya mwisho tulikwenda Feri kupanda pantoni, kuvuka kwenda Kigamboni. Nauli shilingi 200, na kuvuka ni dakika chache tu, lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kuona maji mengi kuliko ya lambo, hiyo ni safari kamili. Geti likifunguliwa watu hukimbia. Tulisimama pembeni na kuwaacha wote wapite, pantoni la kwanza likaondoka bila sisi, tukapanda la pili tukiwa mbele kabisa. Alisimama kati ya miguu yangu, mikono yangu imepita kifuani mwake, anatazama meli kubwa zikiingia bandarini. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akamchekea akamwuliza, "Mgeni, unaitwa nani?" Akataja jina lake. Hakuishia hapo. Akataja langu lote, akaanza na kuimba namba ya simu, tarakimu mbilimbili, mpaka nikamziba mdomo kwa kiganja. Somo la namba lilikuwa limeingia. La nani wa kumpa namba tulilianza jioni ileile, tukiwa tunafunga mabegi: polisi, mwalimu, mama mwenye watoto, muuzaji aliye mezani kwake.

Mwaka huu wameanza kuulizia tena tangu Oktoba. Mdogo sasa atatembea kwa miguu yake, kwa hiyo mikono yangu miwili itakuwa na kazi. Nimemwomba baba yao aombe likizo. Nguo za sikukuu nitanunua hapahapa Dodoma, Majengo, na kama kutakuwa na kitu cha lazima Kariakoo, nitakwenda peke yangu saa moja asubuhi, watoto wakiwa bado wamelala Kimara kwa shangazi yao.